Siku sita za Gyula Peidl: mapatano yaliyokosa mtu wa kuyatekeleza

Katika vitabu vingi vya historia ya Ulaya, Gyula Peidl hupewa sentensi moja: waziri mkuu wa Hungaria kuanzia tarehe 1 hadi 6 Agosti 1919, aliyekabidhiwa nchi Béla Kun, kiongozi wa Wakomunisti, alipoondoka, kisha akapinduliwa. Sentensi hiyo haina uongo, ila inamwonea. Humfanya aonekane mpita njia tu kati ya watawala wawili. Peidl aliingia ofisini akiwa na umri wa miaka 46, na karibu maisha yake yote ya utu uzima alikuwa ameyatumia kujadiliana na waajiri, kuandika mapatano na kuyasimamia yatekelezwe. Serikali yake iliponzwa na jambo ambalo kiongozi wa chama cha wafanyakazi hulijua kuliko mwanasiasa yeyote: ilisimama juu ya ahadi za watu wasiokuwa na mamlaka ya kuzitimiza.

Tuanze na kazi yake, maana ndiyo iliyomjenga. Peidl alizaliwa Aprili 1873 katika kijiji cha Ravazd, eneo la Győr, magharibi mwa Hungaria, akawa mpangaji herufi katika viwanda vya uchapaji. Mpangaji herufi wa zama zile alisimama mbele ya sanduku lenye vyumba vidogo vidogo, mkono wa kushoto umeshika kifaa cha chuma cha kupangia mstari, wa kulia ukiokota herufi moja moja za madini ya risasi. Herufi zenyewe zimegeuzwa, kwa hiyo mstari husomwa kinyume. Mstari ukipwaya hata kidogo lazima ujazwe vipande vya nafasi hadi ukaze, la sivyo ukurasa mzima humwagika wakati wa kuuinua kuupeleka kwenye mashine. Vumbi la risasi liliingia mwilini mwao, na kifua kikuu kiliua wapiga chapa wengi kabla ya uzee.

Hali hiyo ndiyo iliyowafanya wapiga chapa wawe wa kwanza kujipanga. Pale Pest, mji ambao baadaye ukawa sehemu ya Budapest, walianzisha umoja wao mwaka 1862, karibu miaka thelathini kabla ya Chama cha Kisoshalisti cha Kidemokrasia kuundwa mwaka 1890. Walikuwa watu wa kusoma na kuandika, walichangia mifuko ya ugonjwa, mazishi na ukosefu wa kazi, na walipigania waraka mmoja wa malipo uliokubaliwa na wenye viwanda kwa upande mmoja na wafanyakazi kwa upande mwingine. Waraka huo ulieleza kila kitu: malipo ya herufi elfu moja, saa za kazi, malipo ya usiku, idadi ya wanagenzi ambao kiwanda kinaruhusiwa kuwachukua kulingana na idadi ya mafundi. Kipengele hiki cha wanagenzi si kidogo. Mwajiri akiruhusiwa kujaza vijana wa malipo ya chini, waraka wa malipo unabaki karatasi tu.

Peidl alipanda ngazi za umoja huo na kulihariri gazeti lake, Typographia. Uhariri wa gazeti la chama nchini Hungaria haukuwa kazi ya pembeni. Serikali iliidhinisha vyama vya wafanyakazi kama vyama vya kusaidiana tu, na fedha zao hazikuruhusiwa kutumika kwa migomo. Kwa hiyo kila fani ilikuwa na sura mbili: chama chenye kibali, chenye vitabu ambavyo polisi wangeweza kuvikagua, na kando yake jumuiya huru iliyokusanya michango ya mgomo chini ya mwavuli wa gazeti la fani. Aliyeshika gazeti alikaa karibu na mfuko wa mgomo. Chama cha kisiasa nacho kilitegemea wanachama hao hao na ada hizo hizo, kwa kuwa karibu asilimia 6 tu ya watu wa nchi ndio walioruhusiwa kupiga kura kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Bunge lilifungwa kwa wafanyakazi, na nguvu yao yote ikabaki viwandani.

Mlango mmoja ulikuwa wazi, nao ni bima. Sheria ya mwaka 1907 iliunda mfuko wa taifa wa bima ya ugonjwa na ajali, ukisimamiwa kwa viti sawa vya waajiri na wafanyakazi. Michango ya ugonjwa iligawanywa nusu kwa nusu. Ya ajali ililipwa na mwajiri peke yake. Peidl alikuwa miongoni mwa viongozi wa wafanyakazi waliopanda juu katika mfuko huo. Hapo alikaa meza moja na wenye viwanda mwaka baada ya mwaka, akibishana juu ya viwango vya fidia na posho za wagonjwa. Shule hii ilimfundisha kwamba adui anaweza kuwa mshirika wa mkataba, mradi pande zote mbili zina kitu cha kupoteza na kila upande umepeleka mjumbe mwenye idhini.

Vita vilivuruga hesabu hizo. Mwishoni mwa 1917 vyama vya wafanyakazi vya Hungaria vilikuwa na wanachama zaidi kidogo ya 200,000. Mwaka mmoja baadaye walizidi 700,000. Mtu anayezishangilia takwimu hizi bila kuuliza chochote hajawahi kuendesha tawi la chama. Watu nusu milioni waliingia ndani ya miezi kumi na miwili bila kupitia mgomo mrefu, bila kuzoea ada ya kila wiki, bila kujua viongozi wao ni nani. Walikuwa na njaa na hasira ya haki, na walitaka matokeo wiki ile ile. Viongozi wa zamani, waliozoea kuhesabu mfuko kabla ya kutangaza mgomo, walijikuta wakiongoza umati usiosubiri hesabu.

Peidl aliingia serikalini Januari 1919, akawa waziri wa kazi na ustawi wa jamii katika baraza la Dénes Berinkey, chini ya Rais Mihály Károlyi. Serikali hiyo ilidumu hadi tarehe 21 Machi. Siku moja kabla, Luteni Kanali Fernand Vix wa Ufaransa aliwasilisha waraka wa Washirika, yaani mataifa yaliyoshinda vita, ulioidai Hungaria iondoe majeshi yake mashariki na kuachia eneo kubwa. Hakuna serikali iliyoweza kuukubali na kubaki hai. Wasoshalisti walikwenda gerezani alikofungwa Béla Kun na Wakomunisti wenzake, wakasaini muungano wa vyama viwili, na Jamhuri ya Kisovieti ya Hungaria ikazaliwa siku hiyo hiyo. Peidl aliupinga muungano huo na hakuchukua cheo katika utawala mpya.

Kukataa kwake kuna mantiki ambayo wachambuzi wengi huipita haraka. Chama kilichojengwa kwa miaka ishirini na tisa kilimezwa kwa usiku mmoja, bila mkutano mkuu, na waliosaini hawakuwa wamepewa idhini na wanachama. Kwa mtu aliyelelewa katika nidhamu ya wapiga chapa, huo ulikuwa mkataba batili hata kama malengo yake yangekuwa mema. Hapa Peidl alikuwa sahihi, na siku 133 zilizofuata zilimthibitishia.

Kufikia mwisho wa Julai utawala wa Kun ulikuwa umeishiwa kila kitu. Vikwazo vya Washirika viliziba chakula na makaa ya mawe. Wakulima walikataa noti mpya walizoziita fedha nyeupe. Walitaka noti za zamani, fedha za buluu, au chumvi na vitambaa, na bila hivyo hawakuuza nafaka. Shambulio la Jeshi Jekundu la Kun kuvuka mto Tisza lililoanza tarehe 20 Julai lilivunjika, na siku chache baadaye jeshi la Romania likavuka mto huo upande wa magharibi na kuelekea Budapest, mahali ambapo hapakuwa na jeshi la maana la kulizuia.

Sasa tufike kwenye mapatano yenyewe. Huko Vienna, Vilmos Böhm, msoshalisti aliyekuwa mwakilishi wa Hungaria pale, alizungumza na maofisa wa Washirika, hasa Kanali Thomas Cuninghame wa Uingereza. Walielewana hivi: Kun ajiuzulu, iundwe serikali ya wasoshalisti isiyo na Wakomunisti, mahakama za mapinduzi na ugaidi vikomeshwe, kisha vikwazo vitalegezwa na Waromania watazuiwa. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi waliitegemea picha hiyo walipomtaka Kun aondoke. Tarehe 1 Agosti, mbele ya Baraza la Wafanyakazi la Budapest, Kun alijiuzulu na kupanda treni kwenda Vienna. Peidl akachukua nafasi, na serikali yake ikaitwa serikali ya vyama vya wafanyakazi. Kwa kuwa hapakuwa na chombo kingine cha juu, alikuwa pia kaimu mkuu wa nchi.

Mapatano ya Vienna yalikuwa na dosari tatu, na yeyote aliyewahi kukaa meza ya majadiliano angeziona. Cuninghame alikuwa ofisa wa kijeshi mjini Vienna. Aliyeamua alikuwa Mkutano wa Amani wa Paris, ambao haukuwa umeidhinisha lolote. Romania, iliyokuwa na jeshi njiani, haikuwa mezani kabisa na ilikuwa na madai yake yenyewe tangu mkataba wa siri wa 1916. Na hapakuwa na utaratibu wa nani angetangulia kutimiza sehemu yake. Wasoshalisti walitimiza yote upande wao katika siku mbili, kisha wakasubiri upande wa pili ambao haukuwepo. Chama cha wapiga chapa kisingemaliza mgomo kwa ahadi ya msimamizi wa zamu. Kingemsubiri mwenye kiwanda.

Je, alikuwa na njia nyingine tarehe 1 Agosti? Ni ndogo sana. Lakini uwezekano mdogo unaongeza thamani ya mpangilio wa hatua, na hapo ndipo serikali yake inastahili kukosolewa kwa undani.

Tarehe 2 Agosti nchi ilirudishiwa jina la Jamhuri ya Watu. Mahakama za mapinduzi zilifutwa. Walinzi Wekundu, walinzi wa usalama wa utawala wa Kun, walivunjwa na polisi wa zamani wakarejeshwa. Katika siku zilizofuata majumba na viwanda vilivyotaifishwa vilianza kurudishwa kwa wenyewe. Kila hatua ukiitazama peke yake ina sababu nzuri. Zikiwekwa pamoja ndani ya siku chache, zilimnyang'anya Peidl kila alichoweza kujadilia. Aliwarudishia wenye mali mali yao bila kudai wamuunge mkono. Aliwarudisha polisi na maofisa kazini kabla ya kujua wanamtii nani. Na aliwavunja watu pekee wenye bunduki ambao wangekuwa na sababu ya kumlinda. Wakati huo huo, wafanyakazi wa kawaida waliona serikali inayobeba jina lao ikifuta, amri baada ya amri, mambo waliyoambiwa ni ushindi wao, wala hakuna aliyewaeleza wanapata nini badala yake.

Kosa la pili ni la watu. Katika baraza lake aliwaweka József Haubrich wizara ya vita, Sándor Garbai elimu, Péter Ágoston mambo ya nje, Antal Dovcsák biashara. Wote wanne walikuwa na vyeo katika utawala wa Kun. Garbai ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake rasmi. Sababu ilieleweka: Haubrich alikuwa kamanda wa Budapest na alikuwa na wafanyakazi wa chuma nyuma yake, na mji usingekuwa tulivu bila yeye. Lakini kila mpinzani aliyetaka kuwaambia Washirika kwamba huu ni utawala ule ule wa Kikomunisti uliobadili kanzu alikabidhiwa ushahidi bure. Károly Peyer, kiongozi wa wachimba migodi aliyepewa wizara ya mambo ya ndani, hakuwa na doa hilo, ila mtu mmoja hawezi kusafisha baraza zima. Wenzake wa zamani kutoka serikali ya Berinkey, hasa István Nagyatádi Szabó wa wakulima wadogo, wangempa sura nyingine na kumfikisha vijijini. Mazungumzo ya kupanua serikali yalianza kwa kuchelewa. Yalipaswa kuwa kazi ya saa ya kwanza.

Tarehe 3 Agosti askari wa kwanza wa Romania waliingia Budapest, na kesho yake Jenerali Gheorghe Mărdărescu akaingia na jeshi kamili kwa gwaride. Kuanzia hapo silaha ya chama cha wafanyakazi ilikufa mkononi. Mgomo mkuu unamuumiza mwenye kiwanda anayepoteza faida, au serikali inayohitaji treni ziende. Jeshi la uvamizi lililokuja kuchukua mabehewa, mashine na nafaka halina cha kupoteza wafanyakazi wakikaa nyumbani, na viwanda vyenyewe vilikuwa tayari vimezimwa na ukosefu wa makaa. Serikali ilituma maombi Paris itambuliwe na vikwazo viondolewe. Haikutambuliwa.

Jioni ya tarehe 6 Agosti, kikundi cha maofisa na wanasiasa wa mrengo wa kulia kikaiangusha serikali ya Peidl. Kiliongozwa na István Friedrich, mwenye kiwanda cha mashine ambaye miezi michache nyuma alikuwa ofisa wa juu katika wizara ya vita ya Károlyi, pamoja na András Csilléry, daktari wa meno, na Jenerali Ferenc Schnetzer. Walikuja na polisi na askari wa vijijini, sehemu ya vyombo vile vile vilivyorejeshwa siku nne kabla. Waromania, walioshika mji, hawakuwazuia. Mawaziri walilazimishwa kujiuzulu, na Archduke (mwanamfalme) Joseph, wa ukoo wa Habsburg uliotawala Hungaria hadi 1918, akatangazwa mkuu wa nchi na kumteua Friedrich waziri mkuu.

Sehemu inayouma zaidi ni iliyofuata. Washirika hawakumtambua Friedrich pia. Tarehe 23 Agosti walimlazimisha Archduke aondoke, kwa kuwa majirani wapya wa Hungaria wasingevumilia Mhabsburg. Walimtuma Sir George Clerk wa Uingereza, na baada ya miezi ya mivutano walikubali mwishoni mwa Novemba serikali ya Károly Huszár iliyowajumuisha wasoshalisti, Peyer akiwa waziri. Yaani, Paris ilidai mwezi Novemba ushiriki wa watu ambao mwezi Agosti ilikataa kuwanyooshea mkono. Katikati, Miklós Horthy, kiongozi wa jeshi lililopinga mapinduzi, alikuwa ameshaingia Budapest na jeshi lake tarehe 16 Novemba, na vikosi vya maofisa wake viliwatesa na kuwaua wafanyakazi, Wayahudi na wakulima maskini. Ugaidi huo haukuwa lazima. Kutambuliwa kwa serikali ya Peidl katika juma la kwanza la Agosti, hata kwa masharti, kungebadilisha ni nani anashika polisi.

Mawaziri wake walilipa. Haubrich na Ágoston walihukumiwa kifo katika kesi ya makamishna, yaani viongozi wa utawala wa Kun, mwaka 1920. Adhabu zilipunguzwa na baadaye wakapelekwa Urusi katika kubadilishana wafungwa. Peidl mwenyewe alikwenda uhamishoni Austria.

Alirudi mwaka 1921, mwaka ambao mwishoni mwake wasoshalisti walisaini mkataba mwingine, na safari hii upande wa pili alikaa mtu mwenye mamlaka kamili. Waziri Mkuu István Bethlen aliahidi kurudisha mali na fedha za vyama zilizotaifishwa, kuwafungulia waliozuiliwa kambini na kuruhusu mikutano. Peyer, kwa niaba ya chama, aliahidi kuacha migomo ya kisiasa na propaganda ya kudai jamhuri, na kutowaandaa wafanyakazi wa reli, posta na serikali, wala vibarua wa mashambani. Tunaelewa kwa nini walisaini. Vyama bila fedha na bila ofisi vingekufa, na walioumia Agosti 1919 walikuwa wamejifunza kudai sahihi ya mwenye nguvu.

Hata hivyo bei ilikuwa kubwa mno, na haikulipwa na waliosaini. Hungaria ilikuwa nchi ya mashamba makubwa, na vibarua wa mashambani ndio waliokuwa wengi na wanyonge kuliko wote. Katika waraka mmoja chama kiliwaondoa kwenye orodha ya watu kinaoweza kuwatetea. Majira ya kuchipua ya 1922 serikali ilipunguza idadi ya wapiga kura hadi chini ya asilimia 30 ya watu, na ikarudisha kura ya wazi vijijini. Kura ya siri ilibaki Budapest na miji mikubwa. Katika uchaguzi huo wasoshalisti walipata viti 25, na kimoja kikawa cha Peidl. Alikaa bungeni hadi 1931, na akafa Budapest Januari 1943. Miaka yote hiyo ya ubunge wake, kibarua wa shamba nje ya miji alisema kwa sauti jina la mgombea wake mbele ya meza ya uchaguzi, huku msimamizi wa shamba akisikiliza.